Goti la Nahodha

Bendeji ilipofika mzunguko wake wa mwisho, Elvira Llaneza aliinamisha kichwa kutazama, na hapo hapo akajua kwamba safari yake yote kutoka Madrid imekwenda bure.

Kidonda kilikuwepo. Mkato wa urefu wa kidole chini kidogo ya goti la kulia, nyuzi tisa, na pembeni mwa goti matundu mawili madogo yaliyoanza kukauka. Goti lenyewe lilikuwa limevimba, na ngozi imegeuka rangi ya zambarau iliyokuwa inaanza kufifia kuelekea manjano.

"Umeridhika, mama?" aliuliza mwenye goti. "Au nikutafutie na kisu walichotumia?"

Huyu alikuwa Saúl Quirós, beki wa kati na nahodha wa klabu ya Peñarruda, miaka thelathini na minne. Alikuwa amejinyoosha kwenye kochi sebuleni kwake, mguu juu ya mito miwili, magongo yameegemea ukutani. Elvira alimgeukia Daktari Maite Urrestarazu, bingwa wa magoti kutoka Oviedo, ambaye ligi ilimlipa aje kutazama kwa macho yake.

"Ni cha kweli," alisema Maite. "Kina siku tisa, labda kumi. Rangi hii haitengenezwi kwa usiku mmoja."

"Goti lenyewe huwezi kulipima? Ulivute, ulipinde?"

"Goti lililofunguliwa juzi halichezewi. Ningemtesa tu. Na picha si unayo kwenye faili? Kano ya mbele imekatika vipande viwili, hata mwanafunzi angeiona."

Elvira alifunga daftari. Miaka kumi na tisa alikuwa polisi wa kodi kabla ligi haijamchukua, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumfunulia mgonjwa bendeji kisha akakuta mgonjwa ni mgonjwa. Aliona haya.

"Samahani kwa usumbufu, nahodha."

"Mimi si wa kusumbuliwa tena. Msimu wangu umekwisha." Saúl alikuwa anaongea akilitazama goti, si watu. "Mkataba wangu unasema nikicheza mechi ishirini na tano mwaka huu, unajiongeza mwaka mwingine wenyewe. Nikirudi Februari zitakuwa zimebaki kumi na tano. Hesabu wewe, si ndiyo kazi yako? Beki wa miaka thelathini na mitano aliyepasuliwa goti, asiye na mkataba, nani atamchukua?"

Maite alimfunga bendeji mpya, wakaaga.

Shauri lilikuwa hivi. Kila klabu hupewa na ligi kiasi chake cha mishahara kabla msimu haujaanza. Ukishakijaza, nunua umtakaye, hata kwa dhahabu, jina lake haliingii kwenye orodha, na asiye kwenye orodha hachezi. Peñarruda walikuwa wamekijaza mpaka shingoni. Hata hivyo Julai walimnunua Leandro Etchart, mshambuliaji wa Kiuruguay, milioni nne za euro, na Etchart akakaa jukwaani wiki sita akitafuna mbegu za alizeti. Kisha Jumanne, tarehe kumi na tisa Agosti, nahodha akaumia mazoezini. Jumatano akapasuliwa. Kanuni inasema mchezaji akiumia miezi minne au zaidi, klabu inaruhusiwa kutumia asilimia themanini ya mshahara wake kumsajili mbadala. Saúl alikuwa analipwa laki tisa kwa mwaka. Asilimia themanini yake ni laki saba na ishirini. Mshahara wa Etchart ulikuwa laki saba na kumi na tano.

Ijumaa leseni ikatoka. Jumamosi Etchart akafunga mabao mawili.

Laki saba na ishirini, laki saba na kumi na tano. Tarakimu hizo mbili ndizo zilizompandisha Elvira kwenye treni. Majeraha ya uongo aliyajua: plasta bila kidonda, magongo mbele ya kamera tu. Sasa kidonda kimeonekana, na dirisha la usajili linafungwa Jumatatu. Alibakiza kutia saini mbili uwanjani na kurudi kwao.

Mkurugenzi wa michezo, Nicanor Bances, alimpokea ofisini akiwa na tabasamu la mtu aliyeshapigiwa simu.

"Umezihesabu nyuzi, Bi Llaneza?"

"Tisa."

"Mimi nilidhani nane. Ndiyo maana wewe ni mkaguzi na mimi muuza wachezaji." Alimsogezea kikombe cha kahawa. Ukutani nyuma yake palikuwa na ubao wenye majina ya wachezaji, kila jina na mshahara wake pembeni kwa wino mwekundu, na chini kabisa jumla, na chini ya jumla kiasi cha ligi. Kati ya tarakimu hizo mbili usingeweza kupenyeza hata mshahara wa mpishi.

"Quirós ni rafiki yako?" Elvira aliuliza.

"Rafiki? Tumecheza pamoja miaka minane, yeye kushoto mimi kulia. Mwanawe wa pili nilimbeba mimi kanisani kubatizwa. Siku ya upasuaji nililala kwenye kiti cha kliniki, mgongo mpaka leo unaniambia." Akaacha kutabasamu. "Na nyinyi mnakuja kumvua bendeji kama mwizi wa kuku. Hamna haya."

"Kanuni zinanituma."

"Kanuni." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa. "Wiki sita nimekuwa na straika wa milioni nne anayekula mbegu jukwaani. Watu wa mji huu walichimba makaa miaka mia, mgodi ukafungwa, wamebakiwa na mpira tu. Niwaambie nini? Kwamba kuna karatasi Madrid?"

"Ungewaambia uuze kwanza, kisha ununue."

"Ninayeweza kumuuza hana mnunuzi. Mwenye mnunuzi siwezi kumuuza. Weka saini zako, bibie, treni isikuache."

Elvira aliomba kuona sehemu moja zaidi: mahali Quirós alipoangukia. Nicanor alipandisha mabega, akamwita mtunza vifaa ampeleke.

Mtunza vifaa alikuwa Tino Cordero, mzee wa miaka sitini na mitatu aliyezifua jezi za Peñarruda tangu akiwa hana mvi. Alimwonyesha uwanja wa mazoezi, pembe ya kushoto, nyasi zimeshamea upya.

"Hapa. Alikuwa anageuka na mpira, akateleza. Akashika goti, akatukana kidogo, tukacheka."

"Mkacheka?"

"Dada, hata yeye alicheka. Akasimama, akaenda mwenyewe chumba cha daktari wetu wa klabu, Avelino. Kesho yake nasikia yuko mezani anapasuliwa. Magoti bwana, yana siri zake."

Elvira aliandika: *akatembea mwenyewe*. Halikuwa jambo la ajabu. Alikuwa amewahi kusikia wachezaji waliomaliza mechi nzima na kano imekatika.

Kurudi, walipita chumba cha vifaa. Palinukia sabuni na dawa ya misuli. Juu ya meza palikuwa na sanduku la fulana nyeupe zilizokunjwa vizuri, na kifuani mwa ile ya juu pameandikwa kwa buluu: NGUVU, NAHODHA. TUNAKUSUBIRI. Chini yake namba tano.

"Hizi ndizo walizovaa Jumamosi?"

"Ndizo. Mchezaji akiumia vibaya, wenzake wanatoka wamevaa hivi kabla ya mechi, wanapigwa picha. Timu isiyofanya hivyo haina mama." Tino alizipapasa kwa fahari. "Angalia herufi zilivyokaa. Nachapa kwa Maruja tu, mtaa wa kituo cha treni. Wengine wanachapa kwa mashine za siku hizi, ukifua mara mbili mchezaji amegeuka *NGU, HODHA*. Za Maruja zitakuzika."

Elvira alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Akaweka saini zake mbili akaondoka.

Treni ilikuwa ya saa kumi. Saa saba mchana aliingia kwenye baa iliyo karibu na kituo, akaagiza maharage na glasi ya sidra, pombe ya tufaha ya huko. Mwenye baa, mama mnene mwenye miwani shingoni, aliimimina kutoka juu ya kichwa chake bila kuitazama, na bila kumwaga hata tone.

Ilikuwa baada ya kijiko cha tatu ndipo Elvira alipoinua macho na kuona duka la ng'ambo ya barabara. MARUJA, FULANA NA MABANGO. Lango la chuma lilikuwa chini, na juu yake karatasi iliyopauka kwa jua. Aliinuka, kitambaa cha kujifutia bado mkononi, akavuka barabara kuisoma.

*Tumefunga kwa likizo. Tarehe 8 Agosti mpaka 31 Agosti. Pumzikeni nanyi.*

Alisimama hapo mpaka gari likampigia honi. Akarudi ndani.

"Maruja yuko wapi?" alimwuliza mwenye baa.

"Benidorm, ufukweni. Wapi tena?"

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe nane, kama kila mwaka. Bwana wake alisema mwaka huu wakae, kuna kazi nyingi. Akamwambia kaa wewe." Mama alifuta kaunta. "Wamechomwa na jua wote wawili, nimeona picha. Kamba waliochemshwa."

"Hakuna anayemfungulia duka? Mtoto, msaidizi?"

"Funguo ninazo mimi, zipo kwenye droo. Nikimwagilia maua yake ndiyo kufungua kwenyewe. Mashine ameifunika shuka."

Fulana zilivaliwa tarehe ishirini na tatu. Nahodha aliumia tarehe kumi na tisa. Na mtu pekee anayezichapa alikuwa ameshafunga duka tangu tarehe nane.

Elvira alilipa. Maharage aliyaacha.

Tino alikuwa bado chumba cha vifaa, anapanga soksi. Elvira alifunga mlango nyuma yake na kukaa juu ya sanduku.

"Mzee Tino, uliagiza hizi fulana lini?"

"Si nilikwambia, Maruja…"

"Maruja yuko Benidorm."

Mikono ya Tino ilisimama, soksi moja ndani ya nyingine.

"Nilipeleka tarehe saba," alisema hatimaye. "Nilimbembeleza anichapie kabla hajafunga. Alinigombeza kweli."

"Tarehe saba. Siku kumi na mbili kabla ya yeye kuumia."

"Dada, usinitazame hivyo. Mimi sijafanya ubaya. Nicanor aliniambia tarehe sita, tukiwa hapa hapa, nilipomwuliza niandae jezi ngapi za namba tano. Akasema, Tino, Saúl atapasuliwa goti baada ya mechi ya kwanza, limechoka, usimwambie mtu, na yeye mwenyewe usimguse kwa maneno hayo, inamuuma. Nikasema sawa. Agosti mji mzima unafunga. Nikajisemea, nisipowahi kwa Maruja, nahodha wetu atapasuliwa na vijana watatoka uwanjani vifua vitupu, watu wataniuliza mimi. Hakuna aliyeniagiza. Ni mimi na kichwa changu."

"Na alipoteleza mazoezini, ukafikiri nini?"

"Nikafikiri…" Tino aliiweka chini ile soksi. "Nikafikiri wamepata njia nzuri ya kulitangaza. Si anajua? Saúl si anajua?"

"Umewahi kuzungumza naye juu ya hilo?"

"Nilikatazwa."

Rangi ilikuwa imemtoka mzee wa watu. Alitafuta pa kukaa akakosa, akalishika sanduku la fulana kwa mikono miwili kama anayeogopa lisianguke. Elvira alimwandikisha maelezo, akamsomea, naye akatia saini. Fulana moja aliichukua na kuitia kwenye mfuko wa karatasi.

Kwenye teksi alikuwa ameshaipanga hesabu yake. Nahodha ameshirikiana nao. Goti limechoka kweli, wameliongezea chumvi, wamelipangia siku inayofaa klabu, na yeye ameahidiwa kitu. Ndivyo mambo haya yalivyo. Alimpigia Maite amsubiri hospitali, kisha akabisha hodi kwa Quirós.

Saúl alifungua mwenyewe, akining'inia kwenye magongo.

"Nyuzi zimezidi?"

Elvira aliitoa fulana akaitandaza mezani. "Hii ilichapwa tarehe saba."

"Basi?"

"Wewe uliumia tarehe kumi na tisa. Walikuahidi nini, nahodha? Mwaka wa mkataba? Kazi ya ukocha?"

Saúl aliitazama fulana, akamtazama yeye. Alianza kucheka, kicheko kikaishia katikati.

"Tarehe saba mimi nilikuwa nacheza. Mechi ya kirafiki. Nilicheza dakika zote tisini."

"Ninajua. Na tarehe sita Nicanor Bances alimwambia mtunza vifaa kwamba utapasuliwa goti baada ya mechi ya kwanza."

"Nicanor alisema nini?"

Elvira alirudia, neno kwa neno, kutoka kwenye karatasi ya Tino. Saúl alijishusha kwenye kochi polepole, akakosea, akakalia gongo moja, asiliondoe.

"Mama, mimi sina habari hiyo."

"Kwenye faili kuna picha ya goti lako, imepigwa tarehe kumi na tisa, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Kano imekatika. Uliiona?"

"Picha gani?"

"Ya mashine kubwa. Unalala, unaingizwa ndani, inagonga gonga."

"Najua mashine. Sikupigwa picha." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Avelino alinishika goti, akalivuta, akasema kano imekwenda. Nikamwambia haliumi hivyo. Akasema likikatika lote haliumi, ndiyo dalili mbaya. Akasema mashine ya kliniki iko kwenye matengenezo kwa sababu ya likizo, na tukisubiri tutachelewa, kesho asubuhi kuna nafasi. Saa kumi na mbili na arobaini nilikuwa hapa hapa, na barafu gotini. Mwanangu alikuwa anaendesha kigari juu ya mguu huu."

Elvira hakuandika. Kalamu ilikuwa mkononi na karatasi ilikuwa mbele yake, lakini hakuandika. Aliyajua majeraha ya uongo kwa majina yake yote, na hili hakuwa na jina lake.

"Ukasaini kupasuliwa?"

"Nicanor aliniletea karatasi kitandani. Nilisaini pale alipoweka kidole." Saúl aliinua uso. "Kama hawakuwa na picha, walijuaje pa kukata?"

"Vaa viatu," Elvira alisema. "Tunakwenda Oviedo."

"Nina kiatu kimoja tu kinachoingia."

"Vaa hicho."

Hospitalini Maite aliwapitisha mlango wa nyuma, akamlaza Saúl kwenye mashine, akakaa upande wa pili wa kioo na Elvira. Mashine iligonga nusu saa. Picha zilipoanza kuja, Maite alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umeniletea mtu sahihi?"

"Kwa nini?"

"Ngoja." Alifungua picha ya faili kwenye skrini ya pili, akaziweka bega kwa bega. Alizipitia moja moja, mara mbili. Elvira aliyekaa naye karibu alimsikia anavyopumua.

"Hii ya faili ni goti la mtu kweli, na kano imekatika kweli," alisema Maite. "Ila si la huyu. Kifupa cha mbele kina umbo jingine kabisa. Ni la nani, sijui. Kuna mtu mahali fulani anatembea na goti bovu."

"Na hili?"

Maite alinyoosha kidole kwenye skrini ya kwanza. "Kumtengenezea mtu kano mpya lazima utoboe mfupa huku na huku, uchukue mshipa mwingine uupitishe humo. Mfupa wa huyu haujatobolewa. Kano yake ipo, nyeusi kama inavyotakiwa kwenye picha, imenyooka, kama ya kijana. Hakuna kilichoguswa, Elvira. Walimlaza usingizi, wakampasua ngozi, wakamjaza maji ndani ya goti livimbe, wakamshona."

"Hawakumfanyia kitu."

"Walimfanyia. Ila si matibabu." Alikuwa amegeuka mweupe kuliko koti lake. "Miaka ishirini na sita niko kwenye kazi hii. Nimeona makosa, nimeona walevi. Hili sijawahi."

Saúl alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia. Maite alimweleza kwa maneno machache. Yeye alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anayepewa maelekezo ya kona.

"Kwa hiyo ni zima," alisema.

"Ni zima. Linauma kwa sababu ngozi ilikatwa, na limekakamaa kwa sababu siku tisa hujalikunja. Wiki tatu, nne, unacheza."

"Simama," alisema Elvira.

"Niliambiwa nikilikanyaga kabla ya Oktoba nitakuwa kilema."

"Aliyekuambia ni nani?"

Saúl alishuka kitandani. Kwanza mguu wa kushoto, kisha vidole vya kulia, kisha kisigino. Alisimama hivyo, mikono hewani, akisubiri kitu kikatike. Hakikukatika. Alibaki amesimama, mdomo wazi, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika hata kidogo.

"Siku tisa mke wangu ananiogesha," alisema.

Elvira alimwacha apumue. Kisha akamweleza kilichobaki, kwa sababu ilikuwa Ijumaa jioni na muda haukuwa mwingi. Etchart amekaa kwenye nafasi ya Saúl katika orodha ya ligi. Maadamu leseni ile ipo, jina la nahodha haliwezi kurudi kwenye orodha kabla ya Januari, hata awe mzima kama chuma. Saúl akitoa maelezo leo, Elvira anaweza kuifuta leseni kabla dirisha halijafungwa Jumatatu, na jina lake likarudi. Ila Peñarruda watapoteza straika wao, watapoteza alama za Jumamosi, na pengine nyingine zaidi.

"Na mji utanipiga mawe mimi."

"Pengine."

"Mechi ishirini na tano," alisema Saúl. "Laki tisa mwaka mwingine. Sasa nimeelewa. Hawakutaka miezi mitano tu. Walitaka nisizifikishe."

Simu yake ililia juu ya kitanda. Kwenye kioo palikuwa na picha ya Nicanor Bances amebeba mtoto mchanga mwenye gauni jeupe. Saúl alimtazama Elvira. Elvira alitikisa kichwa kukubali, akasogea, na Saúl akaifungua sauti wote wasikie.

"Ndugu yangu," ilisema sauti ya Nicanor, ya upole kabisa. "Goti linasemaje leo? Nimesikia yule mama wa Madrid alikuja kukuchokonoa."

"Linauma."

"Kawaida. Vumilia. Avelino anasema ndani ilikuwa balaa, kano imechanika kama kamba iliyooza. Alinionyesha picha, mimi mwenyewe nikashika kichwa. Una bahati tuliwahi."

"Alikuonyesha picha."

"Ile ya jioni ile. Usiiwaze. Wewe lala, mguu juu. Jumapili nakuletea keki, tunatazama mechi pamoja. Huyu Etchart utampenda."

"Nicanor," alisema Saúl. "Nimesimama."

"Umesimama nini?"

"Nimesimama juu ya mguu wa kulia. Bila magongo. Nimetoka kwenye mashine sasa hivi."

Upande wa pili palisikika mlango ukifungwa taratibu, na kelele za ofisi zikakatika. Maite alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Uko na nani hapo?" aliuliza Nicanor.

Saúl aliiangalia simu kama kitu alichookota barabarani. Kisha akampa Elvira.

"Elvira Llaneza, ukaguzi wa ligi," alisema Elvira. "Ni saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Baki ofisini kwako, Bwana Bances. Polisi wa mkoa watakuja kabla yangu. Na ule ubao ukutani usiuguse."

Aliikata, akaandika saa ile kwenye daftari, akavuta kiti mbele ya nahodha na kutoa fomu ya maelezo. Saúl hakutaka kukaa. Alitoa maelezo yake yote akiwa amesimama, mkono mmoja ukutani, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, taratibu, tena na tena. Walipomaliza, Elvira alirudi juu ya karatasi kujaza nafasi alizoruka.

"Jina kamili ninalo. Umri ninao. Kazi?"

Saúl aliuondoa mkono ukutani.

"Beki," alisema. "Andika hivyo."